Feni ya Bibi Nesi

Taa haina kazi ya kupuliza upepo. Kinyozi alilijua hilo, ndiyo maana mteja wa kwanza alipolalamika kwamba kuna kaubaridi kanampita shingoni, aliinuka akafunga mlango. Mwingine alipolalamika, akafunga dirisha. Aliyefuata aliondoka nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akisema atarudi, na mtu anayekubali kupita barabarani na kichwa cha namna hiyo si mtu wa kupuuzwa.

Taa yenyewe ilikuwa nzuri. Ilisimama juu ya mguu mrefu wa chuma, na kinyozi alikuwa akiwaringia nayo wote waliokaa kwenye kiti chake. Alitengenezewa na wanafunzi wa chuo, bure kabisa, kutokana na mguu wa feni iliyokufa. Sasa alisimama mbele yake mchana kweupe, umeme umekatika mtaa mzima, akasogeza kiganja karibu na balbu isiyowaka. Upepo ukamgusa. Ukaja, ukakatika, ukaja tena kwa shida, na ulinuka dawa ya hospitali.

Kinyozi hakuwa mtu wa makelele. Aliifunika ile taa kwa taulo, akaibeba kwapani kama kuku mgonjwa, akashika njia ya chuoni.

Karakana ya wanafunzi ilikuwa kwenye stoo ya zamani nyuma ya bwalo. Mlangoni waliandika kwa rangi nyekundu: USITUPE, LETA. Kila Jumamosi watu wa mtaani walipanga foleni na pasi zao, redio zao, birika na viti vilivyopungukiwa mguu, na vijana waliosomea ufundi wakavifungua na kuvitengeneza ili visiende jalalani. Walipenda kujisifu kwamba jalala la mtaa limepungua mpaka kunguru wamehama. Kunguru walikuwepo palepale, ila ni kweli walikuwa wamekonda.

Kilichoshindikana kilipelekwa kwenye rafu ya mwisho, iliyoitwa Mochari. Hapo kilivunjwa, na viungo vyake vikapewa vitu vingine. Mochari ilikuwa na sheria moja tu, iliyotungwa baada ya mzee fulani kurudi kudai redio yake na kuikuta imeshatawanyika mtaa mzima. Mwenye kitu aketi kwenye kigoda pembeni ya fundi, aone kikifunguliwa, aonyeshwe kilichoharibika, kisha aseme kwa mdomo wake mwenyewe, "Nimeachilia." Asiposema, hakuna kuchukua hata skrubu. Wanafunzi walilitamka neno hilo kwa sauti ya msibani, wakacheka. Wenye vitu hawakucheka sana.

Aliyeitunga sheria hiyo alikuwa kiongozi wa karakana, msichana wa mwaka wa tatu waliyemwita Spana. Na aliyeivunja ni yeye huyohuyo.

Kinyozi alipoweka taa mezani na kuondoa taulo, Spana hakuuliza ina nini. Harufu ilimfikia kabla ya maelezo: dawa ya kusafishia sakafu ya wodi, na chini yake jasho la mtu aliyelala kitandani siku nyingi. Aliona aibu kabla hajaona woga. Uso ukamwaka mpaka masikioni, akajifanya anatafuta bisibisi chini ya meza.

"Hii taa inapumua," kinyozi alinong'ona. "Msinicheke."

"Hatukucheki, kaka," alisema Spana akiwa huko chini.

"Na asubuhi imekohoa."

"Taa imekohoa?" aliuliza mwenzake Spana, kijana waliyemwita Betri kwa kuwa kila alipoketi alitafuta kwanza soketi ya kuchajia simu.

"Unaniuliza mimi? Fundi ni wewe."

Kabla hawajafika mbali, fundi cherehani wa pale njia panda akaingia na kapu la vitambaa. Alilibeba akiwa amelinyooshea mikono mbele, mbali na mwili wake. Humo ndani mlikuwa na mapanga ya feni, ambayo Spana alimwekea badala ya yake yaliyopasuka.

"Nikizima feni, yanazunguka," mama yule alisema taratibu. "Nikichomoa waya, yanazunguka. Leo nimeyafungua nikayazika kwenye vitambaa, nikakaa nishone. Kapu likaanza kuita."

"Kumwita nani, mama?" aliuliza Betri.

"Linaita nesi. Koo limekauka, sauti ndogo. Nesi. Nesi. Na nilipoitika, bahati mbaya tu, maana mtu ukisikia mgonjwa unaitika, likanyamaza kama linalosikiliza."

Ukutani, wavu wa feni ileile iliyotoa ule mguu na yale mapanga, ambao wanafunzi waliutundika wakautumia kuning'inizia koleo, ulianza kutikisika. Mwanzoni ni koleo moja lililogonga jingine, kitu ambacho hata gari likipita huweza kukileta, lakini hakukuwa na gari, kisha yakagongana mawili na matatu, na wavu wote ukawa unageuka polepole kwenye msumari wake, kuelekea kulia, ukasimama, ukarudi kushoto, ukasimama, ukaja tena kulia, vilevile feni inavyogeuza uso wake kuwatazama watu wote waliomo chumbani, na kila ulipofika usawa wa Spana ulikawia kidogo.

"Hiyo feni," Betri aliuliza, "ilikuwa ya nani?"

Spana alikuwa anajua vizuri sana ilikuwa ya nani.

Mama yake mzazi alikuwa na pumu. Siku za joto alikaa mbele ya feni yake ya kusimama tangu asubuhi, na upepo ule ndio uliompa kifua nafasi. Mama huyu alikuwa na mdomo wa sifa. Mtaa mzima ulijua kwamba binti yake ndiye mkubwa wa mafundi chuoni, hata wale ambao hawakutaka kujua. Basi siku moja Spana akaona aiongezee kasi ile feni. Majirani wakaitwa washuhudie. Akafungua, akaunganisha waya mahali pasipotakiwa, akawasha, na mota ikatoa moshi mbele ya kadamnasi. "Ataitengeneza tu," mama alisema huku akipeperusha moshi na kanga. Usiku ule alilala ameketi, na Spana upande wa pili wa ukuta alisikia kila pumzi kama inayovutwa kwa kamba.

Mota ya aina ile haikupatikana popote. Halafu Jumamosi ikaja, na kwenye foleni akasimama nesi mstaafu anayeishi peke yake karibu na kisima, ameshika feni ya kampuni ileile na rangi ileile. Spana aliifungua, akaona ugonjwa wake mara moja. Kapasita. Kijidude cha saizi ya kidole gumba, na karakana walikuwa nazo kopo zima.

"Bibi, hii itachukua muda, na humu kuna joto," alimwambia. "Nenda kapumzike. Nitakuletea habari nyumbani."

Jioni akapeleka habari. "Pole, bibi. Imekufa."

"Imekufa kabisa?"

"Kabisa."

"Haizunguki hata kidogo?"

"Hata kidogo, bibi."

Bibi Nesi aliitikia kwa kichwa, akafunga mlango polepole. Lile neno hakulisema. Spana hakuliomba, maana kuliomba kungekuwa kumrudisha bibi kwenye kigoda. Akamwambia Betri kwamba mwenyewe ameachilia. Mota akaipeleka nyumbani. Vilivyobaki akavigawa haraka haraka, kwa ukarimu mkubwa: mguu kwa kinyozi, mapanga kwa fundi cherehani, wavu ukutani, ili asiwepo wa kuuliza kwa nini feni nzima imekosa kitu kimoja tu.

Siku aliyoiwasha feni ya mama, mama alimbusu paji la uso mbele ya majirani walewale. Spana aliangalia chini. Majirani wakasema mtoto ana adabu.

Sasa, pale karakana, Betri alikimbia kumwita mganga. Mganga mwenyewe, mama wa mtaani, alikuja upesi, kwa kuwa karakana ilimtengenezea birika lake la umeme na alikuwa bado hajamaliza kushukuru. Alikaa kwenye kigoda, akainusa taa, akaweka sikio kwenye kapu la fundi cherehani, akautazama ule wavu unaogeuka mpaka nao ukamtazama.

"Ni jini," alisema. "Mmoja tu. Mmemkata vipande na kumgawa kama mnavyogawa viungo."

"Hatukujua kuna mtu ndani, mama," alisema Betri.

"Mna sheria yenu hapa, niliisikia nilipoleta birika. Mwenye feni alisema ameachilia?"

Wote wakamgeukia Spana. Hapo alikuwa na nafasi ya kusema kweli, nzuri kuliko zote alizowahi kupata, na alijua.

"Alisema," alijibu.

Taa ikakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha majimaji, kilichoanzia chini ya mguu wa chuma kikapanda taratibu hadi kwenye balbu, na kilipofika juu kioo kikafanya ukungu kwa ndani. Kinyozi akarudi nyuma mpaka akamkanyaga fundi cherehani mguu.

"Hakusema," alisema Spana. "Nilidanganya."

Hakuna aliyemgombeza. Afadhali wangemgombeza. Betri aliitazama simu yake ambayo haikuwa na chaji, na fundi cherehani akaanza kukunja vitambaa visivyohitaji kukunjwa.

"Basi sikilizeni," alisema mganga. "Mimi naweza kufukiza ubani humu mpaka tulie machozi, hatoki. Mlango wake ni mdomo wa mwenye kitu. Viungo vyote virudi pamoja, viwekwe mbele ya mwenyewe, naye aachilie. Na nasema vyote. Kikibaki kimoja nje, atatoka kwenye hivi vingine ahamie huko mzimamzima."

"Vingine viko wapi?" aliuliza Betri. "Mota iko wapi?"

"Nakwenda kuileta," alisema Spana, na alipokuwa akitoka alikuwa na nia hiyo kweli.

Alimkuta mama kwenye kiti chake mbele ya feni, umeme umerudi, upepo unampeperusha ncha ya kanga. Kifua chake kilipanda na kushuka bila kelele. Jirani alikuwa ameketi mkekani na mchele wake wa kuchambua.

"Huyo sasa," mama alisema. "Nilikuwa namwambia jirani hapa, tangu mwanangu aitengeneze hii feni sijaugua hata siku moja. Umekuja kuisafisha?"

Spana alikuwa ameshika bisibisi. Ilitosha kusema, mama, mota hii si yetu. Maneno machache, mtoto mdogo angeyasema. Aliyapanga mdomoni, akamtazama mama, akamtazama jirani ambaye mkono wake ulikuwa umesimama juu ya mchele, akaona jinsi habari itakavyopita ua kwa ua kabla ya magharibi: yule mkubwa wa mafundi, kumbe mwizi wa bibi kizee. Akaingia chumbani. Chini ya kitanda kulikuwa na mota ya zamani, ile aliyoiunguza. Akaitia kwenye mfuko.

"Nimesahau kitu tu, mama," alisema akipita.

Kwenye karakana aliifungua balbu akampa kinyozi, kisha akaunganisha mbele ya wote mguu, wavu, mapanga na ile mota nyeusi, na skrubu zikamdondoka, akaziokota, zikadondoka tena, naye kila alipoinama alikuwa akisikia pumzi ile ya dawa na jasho ikimjia kutoka kwenye mapanga, kutoka kwenye mguu, kutoka kwenye wavu, ikimgusa sikio, ikimgusa kope, na mahali pamoja tu, kwenye mota aliyoishika kiganjani, hapakuwa na pumzi yoyote, palikuwa na chuma kilichoungua, na alishangaa vipi mganga haoni wakati yeye anaona hata akifumba macho.

Waliongozana hadi kwa Bibi Nesi kabla jua halijazama. Nyumba yake ilikuwa ya chumba kimoja, sakafu imepigwa deki mpaka inang'aa, kitanda kimetandikwa kwa kona kali za wodini. Feni ikawekwa juu ya meza. Bibi hakushtuka. Aliipangusa vumbi kwa kiganja, akavuta kiti.

"Huyu alikuwa ndani ya mgonjwa wangu wodini," alisema. "Mgonjwa asiye na ndugu. Usiku wote alikuwa anaita, na wenzangu walichoka kuitika, nikawa naitika mimi. Alipokufa, yule aliyekuwa ndani yake akanifuata nyumbani, maana hakuwa anamjua mwingine. Nikamwambia akae kwenye feni. Feni ikizunguka, yeye analala. Ikisimama, anaamka. Ndiyo maana nilikuwa nataka izunguke."

Spana alipiga magoti, bila kuambiwa.

"Bibi, nilikudanganya. Haikuwa imekufa. Ilitaka kifaa kidogo tu, na tulikuwa nacho."

"Sasa kwa nini, mwanangu?"

"Nilikuwa nahitaji viungo."

"Ungeniomba," alisema bibi. "Ungekaa hapo ulipo ukasema, bibi, nina shida, nina mgonjwa. Ningemhamisha huyu kwanza, kisha ningekupa feni nzima. Mimi nimekaa na wagonjwa maisha yangu yote, ningekunyima upepo?"

Spana hakuwa amemwambia kuhusu mgonjwa. Alitamani sakafu ile safi ifunguke immeze.

"Kila kitu kipo hapa?" aliuliza mganga.

Bibi Nesi alikuwa ameinamia mota, anainusa. "Ilipotoka kwangu ilikuwa hainuki kuungua," alisema, kama anayejisemea mwenyewe.

"Kipo," alisema Spana.

Bibi aliinua uso. Hakukuwa na hasira machoni mwake, kulikuwa na ule uchovu wa mtu anayepokea zamu. Akaweka mkono juu ya feni.

"Nimeachilia," alisema, "kila kilichopo juu ya meza hii."

Harufu ikatoka. Mapanga yaliyokuwa yakitetemeka yakatulia, ukungu ukafutika kwenye balbu ambayo kinyozi alikuwa bado ameishika kama yai. Fundi cherehani alikaa kwenye kitanda kilichotandikwa, akaomba radhi kwa kukunja shuka, akacheka, na wote wakacheka naye kwa jinsi watu wanavyocheka wakitoka hospitali. Mganga pekee alikuwa anakunja uso, ananusa hewa ya mlangoni, kama mtu aliyesikia hatua za mgeni zikitoka bila kuaga.

Bibi Nesi alimsindikiza Spana hadi kizingitini.

"Wahi nyumbani," alimwambia chini kwa chini. "Mwambie mgonjwa wako leo. Ukishamwambia, uilete ile mota nami nitaiachilia. Usingoje kesho."

Spana alikimbia. Njia nzima alikuwa anayarudia yale maneno machache, mama, mota hii si yetu, na yalikuwa mepesi barabarani. Alipofika kwao umeme ulikuwa umekatika tena. Jirani alikuwa bado mkekani, mchele umekwisha, mazungumzo hayajaisha. Na feni ilikuwa inazunguka taratibu, waya wake umelala sakafuni, plagi iko mbali na ukuta.

"Feni inakwenda kwa betri hiyo," jirani alimwambia Spana kwa kumsifu. "Mpaka betri umeiwekea. Ama kweli umesoma."

Mama alikuwa amefumba macho. Chumba kilinuka dawa ya hospitali.

"Umekuja mwanangu," alisema. "Kuna mtu kaja kukaa na mimi. Ana kifua kama changu, maskini. Anasema alikuwa kwa kinyozi, na kwa fundi cherehani, sasa kachoka kuzunguka."

"Mama."

"Anasema una jambo unataka kuniambia, halafu yeye aondoke. Nimemwambia mwanangu hanifichi kitu. Majirani wote wanajua, mwanangu hanifichi kitu."

Jirani alitabasamu, akakubali kwa kichwa, akasubiri. Spana alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yote, yamepangika. Alimtazama mama yake, uso ule uliojaa fahari hata katika ugonjwa, akamtazama jirani, na ile aibu ikamshinda.

"Hakuna kitu, mama," alisema.

"Si nilisema," alijibu mama, akaridhika.

Feni ikasimama. Mama akakohoa, kikohozi kirefu, cha majimaji, ambacho hakikuwa chake. Kilipokwisha, uso wake ukaanza kugeuka polepole, kulia, ukasimama, ukarudi kushoto, ukasimama, ukaja tena kulia mpaka ukafika usawa wa Spana na kukawia hapo. Akafumbua macho. Akaita kwa sauti ndogo ya mtu aliyekaukiwa koo:

"Nesi."